Kuitambua Bunduki ya Urithi: Winchester Model 70 ya Zamani na ya Baadaye

Maneno ya hotuba iliyotolewa na afisa wa uhusiano wa polisi na jamii mbele ya viongozi na wakazi wa vijiji vya mpakani

Leo tunazungumza jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa kunong'ona. Jambo hilo ni bunduki za uwindaji zilizobaki majumbani baada ya wenyewe kuzeeka au kufariki dunia.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bunduki isiyo na habari sahihi daftarini hufanya zaidi ya kupotea. Humtia mashakani mtu asiye na hatia na humpa mhalifu mahali pa kujificha. Kwa sababu hiyo leo sitawahubiria juu ya ubaya wa silaha, kwa kuwa mnaujua kuliko mimi. Nitawaonyesha namna ya kuitazama bunduki moja maarufu, Winchester Model 70, na kuitofautisha ile ya zamani na zile zilizofuata. Nimeichagua kwa sababu jina lake limebaki lile lile kwa zaidi ya miaka 80, hali vyuma vyake vimebadilika mara kadhaa. Karani akiandika "Winchester Model 70" na kuishia hapo, ameandika jina la ukoo bila kumtaja mtu.

Neno la tahadhari kabla ya yote

Ninayoyasema ni ya kutazama kwa macho. Si ruhusa kwa yeyote kuishika bunduki asiyoimiliki kisheria. Ihesabuni kila bunduki kuwa ina risasi, hata ikiwa imelala darini miaka 30. Bunduki ya uwindaji haisahau kwamba ina risasi kwa sababu mwenyewe amefariki. Ukiikuta ndani ya nyumba ya marehemu, waondoe watoto, funga mlango, kisha uite kituo cha polisi. Usiibebe barabarani kuileta kituoni kwa nia njema, kwani askari wa kizuizini haoni nia, anaona bunduki. Nasi tuliovuka mto au njia ya ng'ombe tukajikuta nchi ya jirani, tukumbuke kwamba hati ya upande mmoja si hati ya upande wa pili.

Bunduki hii ilitoka wapi

Winchester Model 70 ni bunduki ya komeo, yaani ile ambayo mpigaji huinua mkono wa chuma ulio ubavuni, huuvuta nyuma kutoa ganda, kisha huusukuma mbele kuingiza risasi nyingine. Wengine huliita komeo hilo bolti. Bunduki hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1936 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, nchini Marekani, ikachukua nafasi ya Model 54 iliyotangulia mwaka 1925.

Asili ya maungo yake ni ya Kijerumani. Mwaka 1898 kiwanda cha Mauser kilitoa bunduki yenye ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa komeo, ukucha unaoikamata risasi mapema na kuishikilia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwindaji wa ndovu Walter Bell, ambaye jina lake lilifungamanishwa na Karamoja yetu, alijulikana kwa kutumia bunduki za namna hiyo ya Mauser. Wamarekani walipounda Model 70, waliuchukua ukucha huo. Basi mzee aliyezoea Mauser hakuona ugeni mkubwa alipoishika Winchester.

Sababu ya Model 70 kupendwa na wawindaji wa Afrika ni kwamba tangu miaka yake ya mwanzo ilitengenezwa pia kwa risasi ya .375 H&H Magnum, inayotosha kwa wanyama wakubwa. Mwaka 1956 kikatoka kielelezo kilichopewa hasa jina la "African", cha risasi ya .458 Winchester Magnum. Bunduki hizo zilifika Afrika ya Mashariki mikononi mwa wawindaji wa safari, wenye mashamba na watu wa hifadhi. Baadhi zilirudi zilikotoka. Nyingine zilibaki, na baadhi ya zilizobaki hazijulikani zilipo.

Mwaka unaogawa

Mpaka mkuu katika historia ya bunduki hii ni mwaka 1964. Gharama ya kuchonga vyuma kwa mikono ya mafundi stadi ilikuwa imepanda, na washindani walikuwa wakiuza bunduki rahisi zaidi kutengeneza. Remington ilikuwa imetoa Model 700 yake mwaka 1962. Winchester ikabadilisha komeo, ukucha, mtutu na hata nakshi za mti ili kupunguza gharama. Wawindaji wengi walinung'unika. Tangu hapo bunduki zilizotengenezwa mpaka mwisho wa 1963 zikapata sifa ya pekee, na bei yake ikapanda juu ya bei ya zile zilizofuata.

Kwetu sisi tofauti hiyo haihusu fahari wala bei. Inahusu ushahidi. Kila kipindi kiliacha alama zake, na alama hizo zinapaswa kukubaliana. Zikikataa kukubaliana, kuna swali la kuuliza.

Alama ya kwanza: ukucha

Komeo linapofunguliwa na mwenye bunduki, au na fundi mwenye leseni, tazameni ubavu wake wa kulia. Katika bunduki ya kabla ya 1964 mtaona kipande kirefu cha chuma kilicholala sambamba na komeo, kimeshikwa na pete, na mbele yake kuna ncha iliyopinda kama ukucha wa mwewe. Huo ndio ukucha wa Mauser. Risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, kitako chake huteleza chini ya ukucha huo, nao huishikilia njia nzima mpaka ndani ya chemba. Ndiyo maana wawindaji wa nyati waliuthamini. Hata mtu akitetemeka na kulirudisha komeo katikati ya safari yake, risasi ile ile hurudi nalo, wala haibaki ndani kuizuia ya pili.

Katika bunduki zilizotoka 1964, ukucha huo mrefu haupo. Uso wa komeo umechimbwa kama kifuniko cha chupa ili ukizunguke kitako cha risasi, na ndani ya ukingo wake kuna kijino kidogo tu. Komeo huisukuma risasi mbele ikiwa huru, na kijino huikamata pale tu komeo linapofungwa hadi mwisho.

Alama ya pili: kitoa ganda

Ya zamani ina bapa la chuma lililosimama ndani ya mwili wa bunduki. Komeo likivutwa hadi nyuma, ganda hugonga bapa hilo na kuruka nje. Ukivuta polepole, ganda huanguka polepole. Ya baada ya 1964 ina kitufe kidogo chenye springi katika uso wa komeo. Kitufe hicho hulisukuma ganda wakati wote, hivyo ganda huruka mara tu mdomo wake unapotoka kwenye chemba. Mtu akiliona kwa ukaribu komeo lililotolewa, kitufe hicho hakifichiki.

Alama ya tatu: mti na nakshi

Kabla ya 1964 nakshi za kushikia, zile mraba ndogo ndogo penye shingo ya mti na chini ya mtutu, zilichongwa kwa chombo cha kukata. Ukizipitishia kidole huhisi ncha kali. Baada ya 1964 nakshi zilikandamizwa kwa mashine kwa joto, na mistari yake ikaonekana kama imebonyezwa ndani ya mti. Bunduki nyingi za kawaida za zamani zilikuwa na bamba la chuma lenye nakshi nyuma ya kitako. Zile za risasi nzito zilikuwa na mpira wa kupunguza kishindo. Aidha, katika bunduki za mwaka 1964, nafasi kati ya mtutu na mti ilikuwa wazi kwa namna iliyowakera wengi.

Lakini mti ni shahidi dhaifu. Mti huvunjika, huliwa na mchwa, hubadilishwa. Bunduki ya zamani iliyovikwa mti mpya bado ni ya zamani. Tusimshtaki mtu kwa sababu ya ubao.

Alama ya nne: namba

Hii ndiyo kubwa. Namba ya utambulisho ya Model 70 imepigwa upande wa kulia wa pete ya mbele ya mwili wa bunduki, pale mtutu unapoingia. Bunduki za zamani zilianza na namba 1 na kufikia takriban 581,000 mwishoni mwa 1963. Kiwanda kilipoanza aina mpya mwaka 1964, kiliruka makusudi hadi 700,000 na kuendelea, ili wa zamani na wa baadaye wasichanganywe. Miaka iliyofuata, herufi G ilitangulizwa mbele ya namba.

Basi, ndugu zangu, hapo ndipo kazi ya utambuzi inapopata meno. Namba 412,000, kwa mfano, inadai kuwa bunduki ni ya kabla ya 1964. Kwa hiyo ukucha mrefu unapaswa kuwapo. Ikiwa namba ni hiyo lakini komeo lina kijino kidogo na kitufe cha springi, vitu viwili vinapingana. Ama komeo limebadilishwa, ama namba imechezewa, ama karani alinakili vibaya. Vivyo hivyo, namba 750,000 isiyo na herufi inadai kuwa bunduki ni ya miaka ya 1960 baada ya badiliko. Ikionekana ina ukucha mrefu, kuna swali. Swali si hukumu, bali halipaswi kupita bila kuulizwa.

Kuna ushahidi mwingine unaosaidia. Katika bunduki za zamani, namba ile ile iliandikwa kwa kalamu ya umeme upande wa chini wa komeo. Maandishi yake ni ya mkono na ni membamba. Namba ya komeo ikilingana na namba ya mwili, tunajua kwamba viwili hivyo vilitoka kiwandani pamoja. Isipolingana, tunajua kwamba vilikutana baadaye. Pia chini ya mtutu, ndani ya mti, kulipigwa tarakimu mbili za mwaka wa mtutu. Hizo hazionekani mpaka bunduki ivuliwe mti wake, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni peke yake. Tena mtutu ungeweza kukaa ghalani kabla ya kufungwa, hivyo mwaka wa mtutu na mwaka wa bunduki huweza kutofautiana kidogo bila ubaya wowote.

Hata za zamani si sawa zote

Wazee waliozishika bunduki hizi wataniunga mkono hapa. Zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili zina dalili zake. Mkia wa chuma nyuma ya komeo una umbo lenye mapindo matatu kama jani, na kwa zile za mwanzo kabisa kizuizi cha usalama hupinduliwa juu ya komeo, mahali ambapo darubini ingekizuia. Baada ya vita, mkia ukawa wa mviringo na kizuizi kikahamia ubavuni kulia. Mwili wa za kabla ya vita kwa kawaida haukutobolewa matundu ya nyuma ya kufungia darubini, na matundu hayo yalikuja baada ya vita. Hata hivyo, wenye bunduki wengi waliwaambia mafundi wawatobolee, kwa hiyo tundu peke yake halithibitishi mwaka.

Mtego wa ukucha uliorudi

Sasa nawaonya juu ya kosa ambalo mtu aliyesoma nusu ya somo hili anaweza kulifanya. Ataona ukucha mrefu, atasema, "Hii ni ya kabla ya 1964." Si lazima iwe hivyo. Mwaka 1981 kiwanda cha New Haven kiliuzwa, kikaendeshwa na kampuni iliyoitwa U.S. Repeating Arms, ikitumia jina la Winchester kwa leseni. Katika miaka ya 1990 kampuni hiyo iliurudisha ukucha wa Mauser katika bunduki zilizoitwa "Classic", kwa kuwa wanunuzi hawakuacha kuudai. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Tangu 2008 Model 70 ikatengenezwa na kampuni ya FN huko Columbia, South Carolina, nayo ina ukucha mrefu na mfumo mpya wa kifyatulio. Baadaye zikakusanywa Ureno.

Kwa hiyo kuna vipindi vitatu vikubwa. Cha kwanza ni cha ukucha, 1936 hadi 1963. Cha pili ni cha kijino, kuanzia 1964. Cha tatu ni cha ukucha uliorudi, kuanzia miaka ya 1990, ingawa hata wakati huo bunduki za kijino ziliendelea kutengenezwa kwa muda. Anayetaka kutofautisha cha kwanza na cha tatu asitazame ukucha. Atazame namba na herufi yake, na asome jina la kampuni na mahali palipopigwa kwenye mtutu. Chuma kinajieleza, mradi tukisome chote.

Risasi nayo iandikwe kwa ukamilifu

Kwenye mtutu pia huandikwa aina ya risasi. Hapa uzembe wa kalamu unaweza kuua. Model 70 ilitengenezwa kwa .300 H&H Magnum, na kuanzia 1963 kwa .300 Winchester Magnum. Hizo ni risasi mbili tofauti kwa urefu na umbo. Hati ikisema tu "300 Magnum", haijulikani ni ipi, na mwenye duka au mwenye bunduki anaweza kuingia katika hatari ya kutumia isiyofaa. Andikeni maneno yote yaliyopo kwenye mtutu, neno kwa neno, hata kama ni marefu.

Kwa nini jambo hili linahusu mpaka

Sasa nije kwenye kiini. Tuseme mzee fulani alimiliki bunduki hii kihalali. Alifariki. Mjane wake ameihifadhi sandukuni kwa hofu ya polisi na hofu ya wezi pia. Kwenye daftari la zamani imeandikwa "Winchester, ya uwindaji", bila namba kamili. Ng'ombe wanaibwa ng'ambo ya mpaka, na ganda la risasi ya .375 linaokotwa. Habari inaenea kwamba mama fulani ana bunduki ya Winchester. Bila maelezo sahihi, mama huyo hana cha kujitetea isipokuwa neno lake. Akiwa na rekodi yenye namba, aina ya komeo, aina ya risasi na mwaka wa kipindi, mpelelezi anaweza kuitofautisha bunduki yake na nyingine, na fundi wa uchunguzi anaweza kulilinganisha ganda na bunduki iliyo mkononi. Rekodi hiyo ni ngao ya mnyonge.

Upande wa pili, tuseme mwizi ameiba bunduki nchi jirani, akaifuta namba na kupiga nyingine inayofanana na ya hati halali. Karani asiyejua ila jina ataipokea. Karani anayejua kwamba namba hiyo inadai ukucha mrefu, naye akaona kijino, atasimamisha kalamu. Hapo mwizi amezuiwa na jicho la mtu mmoja, bila risasi hata moja kupigwa.

Nchi zetu zimeahidiana jambo hili. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayohusu silaha ndogo na nyepesi katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka nchi zilizojiunga kuweka alama kwenye silaha, kutunza kumbukumbu, na kusaidiana kufuatilia silaha inayovuka mpaka. Kituo cha kuratibu kazi hiyo, RECSA, kiko Nairobi. Lakini itifaki haina macho. Macho ni yenu na yetu. Ombi la kufuatilia bunduki likitoka hapa kwenda nchi jirani likiwa na neno "Winchester" tu, litarudi mikono mitupu.

Mambo ya kuandika

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti mliokuja na makarani wenu mshike mambo haya. Pale polisi wanapokagua bunduki ya namna hii pamoja na mwenyewe, hakikisheni yafuatayo yanaingia daftarini:

Kwanza, namba yote pamoja na herufi yake, kama ilivyopigwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Pili, maneno yote yaliyo kwenye mtutu: kampuni, mahali na aina ya risasi.

Tatu, aina ya komeo: ukucha mrefu au kijino kidogo, na kama chini ya komeo kuna namba inayolingana.

Nne, kizuizi cha usalama kiko wapi, na umbo la mkia wa chuma.

Tano, mabadiliko yanayoonekana: mti mpya, matundu ya darubini, mtutu uliofupishwa, rangi iliyopakwa.

Sita, bunduki ilimfikia nani, kutoka kwa nani, na kwa hati ipi.

Mambo sita hayo hayachukui hata ukurasa mmoja. Yakiandikwa leo, yataokoa miezi ya kuitwa na kurudi kesho.

Kwa warithi na kwa wauzaji

Kwenu warithi, nasema kwa upole lakini waziwazi. Hati ya kumiliki bunduki ni ya mtu, haimfuati mtoto kama shamba linavyomfuata. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970, anayekaa na bunduki lazima awe na hati yake mwenyewe. Sitawaahidi msamaha ambao sheria haijautoa, kwa sababu ahadi ya uongo ni mtego. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba aliyejitokeza mwenyewe, akatueleza alichokikuta na lini, anasimama mahali tofauti kabisa na aliyekutwa nacho. Njooni na cheti cha kifo cha marehemu na karatasi yoyote ya zamani, hata iwe imechanika. Karatasi iliyochanika ina namba, na namba ndiyo tunayoitafuta. Mkiogopa kuja peke yenu, njooni na mwenyekiti, au na kiongozi wa dini, au na wakili.

Kwenu vijana mnaofuatwa na madalali sokoni, sikilizeni. Kuna mtu atakayekuambia kwamba bunduki ya babu yako ni "ya kabla ya 64", na kwamba ng'ambo kuna mzungu atakayeilipia fedha nyingi. Ni kweli kwamba wapenzi wa bunduki hizo huzithamini, ila huzithamini zikiwa na hati. Bunduki iliyovushwa usiku haina bei ya makumbusho, ina bei ya mhalifu. Na ikitumika kuua huko ilikokwenda, namba yake itarudi hapa kuuliza ilitoka nyumba gani. Siku hiyo dalali hatakuwapo kujibu. Utajibu wewe.

Kwenu wazee mliowahi kuzitumia bunduki hizi kwa leseni, ninyi ni hazina. Wengi wa maafisa wetu vijana wamezoea silaha za kisasa na hawajawahi kuiona Winchester yenye mkia wa mapindo matatu. Mkitukubalia, tutawaomba mkae nasi siku za ukaguzi mtusaidie kusoma vyuma. Ujuzi wenu wa porini ukiingia daftarini, utawalinda wajukuu zenu.

Ndugu zangu, bunduki zilizobaki majumbani zilitengenezwa kwa ajili ya nyati na ndovu wa zamani. Zisiachwe ziwe za kuulia watu wa leo. Tuzitambue, tuziandike, na zile zisizo na mwenye hati tuzikabidhi. Wanaohitaji kuonana nami faragha, nitabaki hapa mpaka jua litue, na sitamwita mtu kwa jina mbele za watu.

Mungu ailinde mipaka yetu na jirani zetu.